Mistari miwili ya Debian

Ndugu zangu mnaotunza seva za Linux, kisa hiki msikisahau.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikerwa na onyo la Valgrind, programu inayokagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta. Onyo lilielekeza kwenye mistari miwili ya OpenSSL. Akaizima. Onyo likatoweka, kazi zikaendelea.

Kumbe mmojawapo ndio uliokuwa ukileta ubahatishaji kwenye kutengeneza funguo! Kilichobaki kubadilika ni namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Yaani mtu yeyote aliweza kuzitengeneza funguo zote za SSH za aina na ukubwa fulani, akajaribu moja moja mpaka mlango ufunguke.

Luciano Bello aligundua, na Mei 13, 2008 Debian wakatangaza. Ubuntu, mtoto wa Debian, alikuwa na ugonjwa huohuo. Kusasisha programu hakukutosha: funguo mbovu zilibaki mbovu hata zikihamishiwa seva nyingine. Ilibidi zitupwe, zitengenezwe upya.

Tunapenda kusema programu huria ni salama kwa kuwa msimbo uko wazi. Huu ulikuwa wazi karibu miaka miwili. Nani alikuwa anausoma?