Moto wa Uani Ngarenaro

Iliyomfundisha mkazi wa mjini kuchoma taka ni serikali yenyewe. Kwa vizazi kadhaa, bwana afya alipopita nyumba kwa nyumba, somo lilikuwa lilelile: chimba shimo nyuma ya nyumba, tupa taka humo, choma, kisha fukia. Shuleni nako, majani yaliyofagiliwa uwanjani asubuhi yalimalizwa kwa kiberiti, na mwalimu wa zamu aliona kazi imefanyika. Leo moto uleule ni kosa katika sheria ndogo za halmashauri nyingi za miji. Kwa nini? Jibu linaonekana vizuri Ngarenaro, kata kongwe ya Jiji la Arusha.

Arusha ilikua kulizunguka boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1899 na 1900. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliigawa miji kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa ng'ambo ya mto Themi, Wahindi wakashika maduka ya katikati, na Waafrika wakasogezwa magharibi, kwenye vitongoji kama Kaloleni na Ngarenaro. Sheria ya Miji ya mwaka 1920 ilimpa mtawala uwezo wa kuamuru usafi wa viwanja na majalala, na Kanuni ya Adhabu ya mkoloni ikaweka kosa la kuichafua hewa kiasi cha kudhuru afya ya watu. Kosa hilo limo hadi leo.

Hata hivyo, moshi haukuwa hofu kubwa ya watawala. Waliogopa tauni, panya na nyumba kuungua. Moto waliutumia wenyewe kama dawa: Nairobi, tauni ilipoingia mwaka 1902, wakubwa wa afya waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Kwa fikra hizo, mwananchi aliyechoma taka zake uani alionekana raia mwema.

Na kwa kweli taka zenyewe hazikuwa na ubaya mkubwa. Zilikuwa maganda ya ndizi, mabua, majivu ya jikoni na vumbi la kufagia. Kwa Waarusha na Wameru walioishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, hata hizo zilikuwa mali. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe na mbuzi, na samadi ikarudi kwenye migomba. Kilichobaki cha kuchomwa kilikuwa kidogo mno, na moshi wake ulifanana na moshi wa jikoni.

Baada ya uhuru usafi ulifanywa kazi ya taifa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Lakini wakati huohuo mabaraza ya miji yalikuwa yanavunjwa chini ya mpango wa madaraka mikoani. Miji ikakosa mwenye kuizolea taka, huduma zikadorora na kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 mabaraza yalirudishwa. Kisha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ikazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kufanya kazi zikiidhinishwa na waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Miaka ile ya miji bila mabaraza inastahili kukumbukwa na kila anayeandika kanuni za moto, kwa sababu ilionyesha kinachotokea watu wanapoachiwa taka peke yao.

Kilichobadilisha kila kitu ni plastiki. Mfuko mwepesi, chupa ya maji na pampasi vimeingia hadi nyumba ya mwisho kwenye kichochoro. Plastiki ikiungua kwenye moto hafifu wa uani, hasa aina ya PVC iliyomo kwenye mabomba na nyaya, hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unautaja waziwazi uchomaji wa taka hadharani miongoni mwa vyanzo vya dioksini. Tanzania iliuridhia mwaka 2004, mwaka uleule Bunge lilipopitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayompa kila mkazi haki ya mazingira safi, salama na bora. Mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Chupa na pampasi zimebaki.

Ngarenaro moto huu huwashwa jioni, wanawake wakimaliza kufagia, au alfajiri kabla ya watu kwenda kazini. Nyumba ni za vyumba vya kupanga, familia kadhaa zikitumia ua mmoja, choo kimoja na bomba moja. Rundo likiwa na majani mabichi, moshi hutoka mweupe na kuwasha macho. Likifika kwenye chupa na viatu vya ndala, hugeuka mweusi na harufu yake hushika nguo zilizoanikwa. Miezi ya Juni na Julai ndiyo mibaya zaidi. Baridi ya Meru hushuka usiku na kuukandamiza moshi chini, ukatandaa kwenye mabati hadi jua lipande. Mtoto mwenye pumu chumba cha pili hana pa kuukwepa.

Marufuku peke yake haijawahi kuuzima moto wa namna hii. Los Angeles, Marekani, nyumba nyingi zilikuwa na tanuri la taka uani, na watu walilitetea kwa nguvu. Liliharamishwa mwaka 1957, na jiji likaanza kuzoa taka zile zilizokuwa zikichomwa. Moshi wa matanuri ukaisha kwa sababu gari lilikuja.

Arusha nayo imepiga hatua. Dampo la kisasa lilijengwa Murriet kwa mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Lakini umbali ulio mgumu zaidi ni ule mfupi, kutoka uani hadi barabarani. Gari haliingii kwenye vichochoro; kazi hiyo ni ya mkokoteni na ya kikundi cha usafi kinachopita kwa siku zinazojulikana. Panapokosekana hayo, si haki kumtoza faini mama aliyewasha kiberiti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa, na inamruhusu mwananchi kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi inapovunjwa. Mkazi wa Ngarenaro anayelipa ada ya taka aende ofisi ya mtaa aulize mambo mawili: sheria ndogo ya kuchoma taka inasemaje, na ratiba ya kuzoa taka mtaani kwake imebandikwa wapi. Vyote viwili ni haki yake kuvipata.