Washington: Safari ya Jina kutoka Kijiji hadi Ukoo

Elimu ya majina ni tawi la isimu linalopakana kwa karibu na historia. Jina la ukoo lililotokana na mahali hubeba habari za ardhi, za utawala na za uhamaji, na aghalabu huendelea kuzibeba hata baada ya wenye jina kusahau maana yake. Jina la Washington ni mfano wa kufaa. Asili yake ni kijiji kimoja cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilhali wengi wa wanaolitumia nchini Marekani ni watu wenye asili ya Afrika.

Kimuundo, jina hili lina sehemu tatu za Kiingereza cha Kale. Ya kwanza ni jina la mtu, ambalo wataalamu huliandika Wassa au Hwæssa. Ya pili ni kiambishi -ing-, kinachoonyesha uhusiano. Ya tatu ni tun, neno lililokuwa na maana ya ua au uzio kabla ya kumaanisha shamba na makazi. Kwa hiyo Washington ni "makazi ya kwa Wassa". Jina la mtu lilikuwa limekwisha kugeuka jina la mahali kabla mahali hapo hapajawa chimbuko la jina la ukoo.

Hatua hiyo ya pili ina ushahidi wa maandishi. Mwaka 1183 Askofu wa Durham aliamuru mali na ushuru wa dayosisi yake uorodheshwe katika daftari liitwalo Boldon Book. Humo anatajwa William wa Hertburn, aliyepewa Washington badala ya Hertburn, kwa sharti la kulipa pauni 4 na kuhudhuria msako mkuu wa askofu akiwa na mbwa wanne wa kuwindia. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba daftari bado linamwita kwa jina la ardhi aliyokwisha kuiacha. Baadaye yeye na wazao wake walijulikana kwa jina la ardhi mpya. Katika zama hizo jina la namna hii lilifuata milki: ardhi ikibadilika, jina nalo liliweza kubadilika.

Majina ya koo yalikuja kutulia katika karne zilizofuata, na kihusishi cha Kifaransa de, kilichoingia pamoja na watawala wa Kinormani baada ya 1066, kikadondoka. Tangu hapo jina liliweza kusafiri bila ardhi. Mwaka 1539 Lawrence Washington alinunua ardhi ya Sulgrave, Northamptonshire, mbali sana na Durham. Katika miaka ya 1650 mzao wake, John, alihamia Virginia. Kitukuu cha John ni George Washington, aliyezaliwa mwaka 1732. Kanuni hii si ngeni kwa mtafiti wa Kiswahili: Wakilindini na Wachangamwe wa Mombasa nao wanatambulishwa kwa mahali. Jina la mahali hupambanua zaidi pale mwenye nalo anapokuwa miongoni mwa watu wa kwingine.

Hapa ndipo historia ya jina inapogusa utumwa. George Washington alipofariki mwaka 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake mwenyewe, na wosia wake uliagiza waachwe huru. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kila Mwafrika wa Marekani aitwaye Washington ni mzao wa watumwa hao. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, walioachwa huru walihitaji majina ya koo yatakayotambuliwa na shule, waajiri na serikali. Wengine walikuwa nayo tangu zamani, ingawa mabwana hawakuyaandika, wengine walijichagulia.

Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani Virginia, alieleza katika tawasifu yake ya mwaka 1901 kwamba siku ya kwanza shuleni aliwasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au zaidi, naye alikuwa na moja tu. Mwalimu alipomfikia, alijitaja kuwa ni Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hili, na takriban asilimia 90 kati yao walikuwa weusi. Takwimu hizo zinaonya dhidi ya kuchanganya mambo mawili: asili ya neno na historia ya watu wanaolitumia. Neno ni la Kiingereza tangu silabi ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini jina lililoanza kama alama ya kumiliki ardhi limeenea zaidi miongoni mwa wazao wa watu ambao wao wenyewe walihesabiwa kuwa mali. Etimolojia pekee haiwezi kueleza hilo. Hapana budi isimu iwaulize pia waliojiita hivyo.