Kumfunda wakili: kutoka meza za London hadi Sinza

Wakili anayeapishwa leo Tanzania Bara hukabidhiwa mamlaka makubwa kwa muda mfupi. Akishaandikwa kwenye Daftari la Mawakili na kulipia leseni na vyeti vyake, anaweza kusimama Mahakama Kuu, kuapisha watu na kuthibitisha nyaraka kwa muhuri wenye jina lake. Mteja anayemletea shauri hana namna ya kujua kama hilo ni shauri lake la kwanza au la mia. Nani amfundishe kazi kijana huyu, na lini? Afrika Mashariki imelijibu swali hilo kwa namna nyingi tangu enzi ya ukoloni, na kila jibu limeacha pengo lake.

Pengo hilo huonekana kwenye karatasi ndogo kabla ya kuonekana kwenye kesi kubwa. Hati ya kiapo inayoambatana na maombi ya kuongezewa muda ni mfano mzuri. Aya zake zinaweza kupangwa vizuri, sababu za kuchelewa zikaelezwa moja baada ya nyingine, saini ya mwapaji ikawepo. Chini kabisa, pale kamishna wa viapo anapogonga muhuri, kuna mistari michache inayoitwa jurati. Sheria inamtaka kamishna aandike hapo mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Kwa miaka mingi jurati isiyo na mahali au tarehe ilitosha kuiangusha hati nzima, na hati ikianguka maombi nayo huondolewa mahakamani kwa pingamizi la awali, kabla hoja yoyote haijasikilizwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, yaliyozitaka mahakama zitazame zaidi haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu, yamelegeza kamba kidogo. Hata hivyo, mteja hafurahi kuambiwa kwamba shauri lake limekwama kwa sababu neno "Mwanza" halikuandikwa. Mambo ya aina hii hujifunza mtu aliyekaa karibu na mwenzake aliyewahi kurudishiwa karatasi masijala.

Neno wakili lenyewe ni la kale kuliko shule zote za sheria za ukanda huu. Limetoka Kiarabu, na pwani lilimhusu yeyote aliyesimama badala ya mwingine: katika ndoa, katika biashara, au mbele ya kadhi. Zanzibar ya enzi ya Waingereza ilikuwa na tabaka la watu walioitwa mavakili, walioruhusiwa kuwasemea wengine katika mahakama za chini bila kuwa na sifa kamili za uwakili. Sheria ya visiwani iliendelea kulitambua tabaka hilo hata baada ya Waingereza kuondoka. Vakili aliijua kazi kwa kuifanya. Historia ya elimu ya mawakili huwapita watu hawa haraka mno, ingawa walikuwa na kitu ambacho baadaye kilitafutwa kwa gharama kubwa: mazoea ya mahakama.

Kwa uwakili kamili njia ilipita ng'ambo, na kwa Mwafrika maana yake ilikuwa London. Huko kuna jumuiya nne za kale za mawakili: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Mwanafunzi alifanya mitihani, na pamoja na mitihani alitakiwa kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za chakula cha usiku katika ukumbi wa jumuiya yake. Asiyekula hakuitwa wakili, hata kama amefaulu. Utaratibu huo unachekesha, lakini ulikuwa na mantiki yake: kijana aketi meza moja na wakongwe, awasikie wanavyosema, ajue miiko ya kazi. Ila aliyesafiri kutoka Nyanza au Bukoba alirudi kwao akiwa ameshika uma na kisu vizuri kuliko alivyowahi kushika faili la mgogoro wa shamba.

Waliorudi walikuwa wachache. Nchini Kenya, Chiedo Argwings-Kodhek, aliyepata uwakili wake London, anakumbukwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa nchi hiyo kufungua ofisi ya uwakili. Miaka ya 1950 aliwatetea Nairobi washtakiwa wa Mau Mau, akiwa katikati ya mawakili ambao karibu wote walikuwa Wazungu na Waasia. Tanganyika, sheria zilizounda taaluma kama ilivyo hadi sasa zilitungwa mwaka 1954: moja ya mawakili, nyingine ya Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS. Chama kilianza bila Waafrika wa kutosha kujaza benchi moja la mahakama.

Mwaka 1960, uhuru ukikaribia, Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Kiafrika, chini ya Jaji Alfred Denning. Ripoti yake ya 1961 haikuuma maneno. Uingereza wakili anayesimama mahakamani na yule anayeandaa mikataba ofisini ni watu wawili wenye taaluma mbili, ilhali Afrika Mashariki mtu mmoja hufanya kazi zote mbili. Kijana aliyefundwa London alijua kuhutubia jaji, lakini hakujua kuandaa hati ya mauzo ya nyumba, kutunza fedha za mteja wala kuendesha ofisi. Sheria za mila na za Kiislamu, ambazo angekutana nazo kila wiki, hakuzigusa kabisa. Kamati ikapendekeza elimu hiyo itolewe Afrika kwenyewe.

Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi uhandisi. Sheria ikapewa Dar es Salaam. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki kilifungua milango katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 14. Miaka mitatu baadaye kilihamia Mlimani. Kwa karibu muongo mmoja, Mkenya, Mganda na Mtanganyika waliotaka shahada ya sheria bila kuvuka bahari walikutana hapo.

Shahada hata hivyo haikumaliza kazi, na hapo nchi tatu zilishika njia tatu. Kenya ilifungua Shule ya Sheria mwaka 1963, chini ya baraza la elimu ya sheria lililotokana na sheria ya mawakili ya 1961. Mwanzoni ililea makarani wa mkataba: vijana waliofungwa kwa mkataba wa uanagenzi katika ofisi ya wakili huku wakihudhuria masomo. Nairobi ilipopata kitivo chake cha sheria mwaka 1970, shule ikawa daraja la wenye shahada. Uganda iliunda Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, mwaka huohuo wa 1970, na hadi leo stashahada yake ya uwakili ndiyo mlango wa kuingilia taaluma.

Tanzania haikujenga shule. Baada ya Azimio la Arusha kazi nyingi za sheria zilikuwa za Serikali na mashirika yake, kiasi kwamba mwaka 1970 liliundwa Shirika la Sheria la kuyahudumia mashirika ya umma. Wahitimu wa Mlimani walipelekwa kufanya uanagenzi chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wakizungushwa kati ya idara na mahakama. Aliyetaka kuwa wakili wa kujitegemea aliwasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, kisha akaitwa kwenye usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria. Mkubwa mmoja anauliza juu ya dhamana, mwingine juu ya mipaka ya muda wa kufungua rufani, na kijana anajibu akiwa amesimama. Kwa taaluma ndogo ambayo kila mtu anamjua mwenzake, utaratibu huo ulifanya kazi. Mkongwe aliyemlea mwanagenzi angeona haya mwanagenzi huyo akiaibika mbele ya majaji.

Ukubwa ndio uliouvunja. Miaka ya 1990 Mlimani iliacha kuwa peke yake: Chuo Kikuu Huria kilianza kufundisha sheria, vikafuata vyuo binafsi na vya umma katika mikoa kadhaa. Wahitimu waliongezeka kwa kasi, ofisi za kuwapokea hazikuongezeka hivyo. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mark Bomani, Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania, kilichunguza sekta nzima ya sheria na kutoa ripoti mwaka 1996. Shule ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa miongoni mwa hoja zake. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Sheria ikapitishwa mwaka 2007, na mwaka uliofuata Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita LST au kwa mkato "Law School", ikapokea wanafunzi wa kwanza katika majengo ya kuazima Mlimani. Baadaye ilijenga yake Sinza, kando ya barabara ya Sam Nujoma. Mwanafunzi huandaa hati za madai, hubishana katika mahakama ya mfano, kisha hutumwa kwenye mahakama na ofisi za mawakili kwa mafunzo ya kazini.

Oktoba 2022 taasisi hiyo ilizungumzwa hadi vijiweni. Matokeo ya mtihani yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walikatishwa. Wazazi walilaumu taasisi, taasisi ikanyooshea kidole vyuo vikuu, vyuo vikuu vikanyooshea kidole sekondari. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Mjadala ulijaa hasira, na ndani yake swali moja lilipotea: hata wale 26, baada ya kuapishwa, nani angekaa nao?

Hapo ndipo historia inapokonda. Miaka ya kabla ya kiapo imetungiwa sheria, mabaraza na majengo. Miaka ya baada ya kiapo, ambamo makosa ya kweli hufanyika, imeachiwa zaidi semina. Mfumo wa pointi, ambao humhesabia wakili semina anazohudhuria, ulianzia Marekani, ambako majimbo ya Minnesota na Iowa yaliwalazimisha mawakili kuhudhuria masomo ya kuendelea mwaka 1975. Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi mwaka 1997 kwa kumtenga wakili mpya: miaka miwili ya mwanzo asome saa 16 kila mwaka, na sehemu ya saa hizo iwe ya stadi za kazi na maadili. Afrika Mashariki ilichukua pointi na kumsahau mgeni. Kanuni za Kenya za mwaka 2004 zilifungua njia ya masomo ya kuendelea, na leo wakili wa huko anatakiwa kukusanya pointi tano kwa mwaka ili aweze kuhuisha leseni, awe ameapishwa juzi au miaka thelathini iliyopita. TLS nayo huendesha semina zake za pointi. Udhaifu wa mfumo huu unajulikana kwa kila aliyewahi kuhudhuria: unahesabu muda wa kukaa kitini. Semina ya kodi ya makampuni ya kimataifa humpa pointi kijana wa Kahama ambaye mashauri yake yote ni mirathi na mipaka ya viwanja.

Kenya ina kinga moja ambayo majirani wangefaa kuitazama. Sheria yake ya mawakili inamzuia mwenye leseni mpya kufungua ofisi yake mwenyewe kabla hajafanya kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili, kwa mfano katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu au kwa wakili aliyejitegemea kwa miaka isiyopungua mitano. Ni uanagenzi wa zamani uliorudishwa kupitia mlango mwingine. Nao hauna dawa ya kila kitu: mwajiri anaweza kumtuma kijana masijala kila siku kwa miaka yote miwili asimfundishe lolote, na akamlipa nauli tu.

Haja ya kumfunda aliyekwisha kuapishwa inazidi kukua Tanzania, na sababu mojawapo ni lugha. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Mwezi huohuo Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mawakili waliosoma kwa Kiingereza tangu sekondari wakatakiwa kufikiri upya hata jina la hati wanayoiandaa.

Sababu nyingine ni ya karibuni zaidi. Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la mwaka 2023 lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Katika sheria nyingi mpangilio wa vifungu umebadilika, na namba ambazo wahitimu wa miaka ya nyuma walizikariri kwa ajili ya mtihani haziendi tena kwenye vifungu vilevile.