Wakimbiaji wa Shule ya Iten

Watu wengi, wasikiapo kwamba shule moja ya sekondari imetoa mabingwa kadha wa mbio, hudhani ya kuwa sifa ni ya ardhi au ya damu. Mji wa Iten, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, umekaa ukingoni juu ya Bonde la Kerio, kwa kimo cha mita 2,400 hivi, na hewa yake nyepesi huyazoeza mapafu. Lakini hewa hiyo ilikuwako kabla ya bingwa wa kwanza, na vijiji jirani huivuta vilevile. Yapasa sababu nyingine itafutwe.

Mwaka 1976 alifika katika shule ya St. Patrick's mtawa kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Ukufunzi wa riadha hakuusomea. Alipoachiwa kazi hiyo na mwalimu mwenziwe, ilimbidi ajifunze kwa kuwatazama wavulana wenyewe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo mgeni naye alipona.

Matunda yalionekana upesi. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, na ya Boston miaka ya 1988, 1991 na 1992. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, 1988. Matthew Birir akatwaa ya kuruka viunzi na maji mjini Barcelona, 1992. Mabingwa hupanda miti katika uwanja wa shule, na mtoto mgeni hupita chini ya vivuli vyao.

Hata hivyo, mlezi hamiliki mwana. Wilson Kipketer alikwenda Denmark mwaka 1990 kusoma, akaikimbilia nchi hiyo na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995. Mwaka uliofuata aliikosa Olimpiki ya Atlanta, kwa kuwa uraia wake haujakamilika. Aliyezaliwa Kenya hakuwa wa Kenya, wala hakuwa bado wa Denmark. Mwaka 1997 alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 41.11, na rekodi hiyo ikadumu miaka 13.

Aliyeivunja, mwaka 2010 mjini Berlin, ni David Rudisha. Yeye alisoma shule nyingine, lakini mkufunzi wake alikuwa O'Connell yuleyule. Ardhi haikusafiri na damu haikubadilika; kilichowaunganisha wawili hao ni jicho la mwalimu mmoja aliyekubali kufundishwa na wanafunzi wake.