Kapu la Chuma na Makombe ya Bahari: Kwa Nini Hatuli Mtaji

 

Wengine mtashangaa. Katika kijitabu cha akina mama wa mlimani, tunaochota maji ya mifereji ya Meru na kuuza mayai na ndizi, mambo ya zana za kuvuna chaza chini ya bahari yanatafuta nini? Bahari wengi wetu tunaisikia redioni tu. Lakini kikundi chetu kilitaka kufa kwa sababu ya makombe, na kilipona kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo tumeona tuiandike historia hii, watoto wetu wasije wakarudia kosa letu.

Tulianza mwaka 2015, akina mama 22. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000 kila Alhamisi, na sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo kwa mama tofauti. Mwaka wa pili tukaingia mradi wa kuku wa mayai. Kuku walitaga vizuri, lakini mayai yalikuwa na ganda laini, mengine ukiyashika yanabonyea. Tukifika soko la Tengeru nusu ya trei imeshapasuka. Bwana mifugo akatuambia, "Mama zangu, hawa kuku wana njaa ya chokaa."

Alitueleza kwamba ganda la yai karibu lote ni chokaa, na ganda la chaza wa baharini vilevile ni chokaa. Kuku hulijenga ganda la yai zaidi usiku, wakati hali. Ukimpa chokaa ya unga inapita upesi, ila ukimpa vipande vidogo vya makombe vinakaa ndani ya firigisi na kuyeyuka pole pole mpaka asubuhi. Tukanunua makombe kwa gunia, tukayaponda kwa kinu. Mayai yakawa magumu. Wafugaji wengine wakaanza kuja kutuomba tuwauzie. Basi tukaona biashara.

Hapo ndipo tulipokosea. Mwaka 2017 tulifungua sanduku, tukatoa shilingi 1,800,000, akiba yetu karibu yote pamoja na mfuko wa dharura, tukaagiza mashine ya kupondea makombe kwenye karakana moja. Ilikuja imepakwa rangi nzuri ya bluu. Tulipiga vigelegele. Wiki ya tatu nyundo zake zilikuwa zimelika mpaka zikawa duara kama mayai yenyewe, na bati la pembeni limetoboka. Siku moja jiwe likaingia pamoja na makombe, nyundo moja ikakatika na kutoka kama risasi. Ashukuriwe Mungu haikumpata mtu. Mashine ikanyamaza, na sanduku lilikuwa tupu. Mwezi huo huo mama mwenzetu mmoja akaja kuomba mkopo wa kumtibu mtoto, tukawa hatuna cha kumpa. Aliondoka analia. Siku ile wengi wetu tulitamani kikundi kivunjike.

Tulizunguka kutafuta fundi wa kuitazama ile mashine. Arusha si mji mgeni kwa zana. Kituo cha CAMARTEC kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini, na mafundi wa kuchomelea wako kila mtaa. Tukampata mzee mmoja mtaratibu. Akaifungua, akacheka kidogo, akasema, "Mama, hii mashine imetengenezwa kama vile haitachakaa. Kila kinachogusa makombe na mchanga kitachakaa tu. Kazi ya fundi ni kuamua kichakae kipi, na kibadilishwe vipi."

Alitengeneza nyundo kwa chuma cha springi ya lori, ambacho ni kigumu. Hakuzichomelea, alizining'iniza kwenye pini, ili zikikutana na jiwe zirudi nyuma badala ya kukatika. Kila nyundo ina pembe nne, pembe moja ikiisha unaigeuza. Na ndani ya lile bati akafunga vipande vya chuma kinene kwa bolti, vikiisha unavua unaweka vingine. Hatukuwa na pesa ya kumlipa mara moja, tukamlipa kwa awamu na mayai juu.

Wakati huo mjukuu wa mwanachama mmoja alikuwa likizo, anasoma mambo ya uvuvi chuoni. Alipoiona ile mashine akasema, "Bibi, hivi ndivyo wenzetu wa nchi za baridi wanavyotengeneza kapu la kuvunia chaza." Tukamwambia akae chini atueleze vizuri. Tulikaa naye jioni tatu. Haya yafuatayo tuliyapata kwake, na mengine tuliyaona wenyewe baadaye huko Tanga.

Kapu hilo linaburutwa na chombo chini kabisa ya bahari. Mbele kuna fremu ya chuma cha pembe tatu, inayofungwa kwenye kamba nene au waya. Chini ya fremu kuna ubao wa chuma au safu ya meno, unaokwangua mchanga na kuwaibua chaza na kombe. Nyuma kuna mfuko. Upande wa chini wa mfuko, unaosuguana na mawe, ni pete za chuma zilizounganishwa kama mnyororo. Upande wa juu hausuguliwi sana, kwa hiyo unaweza kuwa wavu wa kamba. Fremu inateleza juu ya viatu vya chuma, na viatu hivyo ndivyo vinavyolika kwanza, vinatolewa na kuwekwa vipya. Uingereza waliweka meno kwenye springi, jino likigonga mwamba linalala nyuma, likishapita linasimama tena. Koko mmoja wa Kiarusha aliyekuwa pamoja nasi akasema, "Kumbe fundi wetu na hao Waingereza walisoma darasa moja."

Lakini kijana akatuambia kwamba kutengeneza kapu lisilovunjika ni nusu ya kazi. Akatupa habari ya ghuba ya Chesapeake huko Marekani.

Ghuba hiyo ilijaa chaza. Jimbo la Maryland lilikataza makapu ya kuburuta mwaka 1820, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja na vyombo na kukwangua kila kitu. Mwaka 1865 serikali ya jimbo ikayaruhusu kwa leseni. Watu wakawa wengi, ugomvi ukawa mkubwa mpaka mwaka 1868 likaundwa jeshi la polisi wa chaza, na watu waliuana kwa bunduki kwa ajili ya chaza. Msimu wa 1884 hadi 1885 walivuna karibu mabusheli milioni 15, na busheli moja inakaribia madebe mawili. Hapo ndipo kilele kilipokuwa. Baada ya hapo mavuno yakaanza kushuka mwaka hata mwaka, na katika karne ya 20 magonjwa ya chaza yakaja kumalizia. Leo chaza waliobaki ni sehemu ndogo sana ya wale wa zamani.

Makapu yao hayakuwa mabovu. Yalikuwa imara mno. Chaza mchanga akizaliwa huelea majini kwa muda, kisha anatafuta kitu kigumu cha kushika, na anachopenda zaidi ni ganda la chaza mkubwa. Kapu lilitoa nyama na maganda pamoja, na maganda hayakurudishwa. Yalichomwa kuwa chokaa, yakamwagwa barabarani, na mengine yakasagwa yakawa chakula cha kuku. Tuliposikia neno la kuku tukatazamana. Kumbe yale maganda ndiyo yaliyokuwa mtaji. Walikula faida, kisha wakala na mtaji, halafu wakashangaa sanduku liko tupu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Akatupa na mifano ya waliojizuia. Kusini magharibi mwa Uingereza kuna mto Fal, katika Cornwall. Huko chaza wanavuliwa kwa kapu dogo linalovutwa kwa mkono, na kanuni ya tangu karne ya 19 inakataza injini. Chombo kinakwenda kwa tanga au kwa makasia tu. Upepo ukikosekana, chaza wanapumzika. Kazi hiyo imeendelea zaidi ya miaka mia moja.

Marekani nako, katika eneo la bahari liitwalo Georges Bank, kuna kombe bapa zenye maganda mawili kama visahani. Walizivuna mpaka zikapungua sana. Desemba 1994 sehemu kubwa zilifungwa, hasa kwa ajili ya kuwapumzisha samaki. Ndani ya miaka minne kombe ziliongezeka mara nyingi katika sehemu zile, na mwaka 1999 wakaruhusiwa kuvuna kwa kipimo. Pete za kapu nazo zilipanuliwa, kutoka inchi 3 na nusu katika miaka ya 1990 mpaka inchi 4 katikati ya miaka ya 2000, ili kombe changa zipite zibaki chini. Tunaomba msomaji alifikirie jambo hili: fundi anatengeneza pete ya chuma ngumu kabisa, halafu anaacha tundu makusudi. Lile tundu ni sehemu ya zana, sawasawa na chuma.

Mwaka 2019 wachache wetu walifika Tanga kwa wakwe za mwanachama mmoja. Huko hakuna makapu ya kuburuta. Maji ya bamvua yakitoka, akina mama wanashuka na ndoo, kisu na kipande cha nondo, wanainama, wanachokoa kombe na chaza moja moja. Mgongo unauma, lakini macho yanachagua. Mama mmoja mwenyeji alimwambia mwenzetu, "Mwanangu, hiki kidogo mwache, atakuwa wa mwezi mwingine." Hata hivyo wenyewe wanasema kombe zimepungua, maana wachokoaji wamekuwa wengi. Mkono nao unaweza kumaliza, ila unachukua muda mrefu kuliko injini.

Na nchi yetu imeshaonja. Meli za kukokota kamba wa baharini zilisimamishwa kufikia mwaka 2008 baada ya kamba kupungua sana. Kule Unguja, katika ghuba ya Menai iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, akina mama wa Fumba na vijiji jirani walikubaliana na wataalamu katika miaka ya 2000 kuacha sehemu fulani za ufuo zipumzike, chaza wazae. Hawakungoja mtu awafungie. Walijifungia wenyewe, ingawa njaa ya leo haingoji. Hilo ndilo gumu kuliko ufundi wowote, na sisi tunalijua.

Tulijua kwa sababu tulijaribu. Baada ya zile jioni tatu tuliitisha mkutano wa wote. Yule mama aliyeondoka analia naye alikuja. Alisimama akasema, "Mimi sina kinyongo na mashine. Nina kinyongo na sanduku tupu." Hakuna aliyejibu. Ndipo tukabadilisha katiba yetu. Kwanza, nusu ya akiba haiguswi kwa mradi wowote, hata ukiwa mzuri namna gani. Pili, mfuko wa dharura una kufuli yake, na unafunguliwa kwa ugonjwa na msiba tu. Tatu, kila mashine ina daftari lake, na kila gunia tunalouza tunatenga shilingi 500 za nyundo mpya. Mashine inalika, basi nayo ilishwe.

Wapo waliolalamika. Mwaka 2020 biashara ilipolegea walitaka tufungue ile nusu tugawane. Mkutano ulikuwa mkali, mama wanne wakajitoa, na hatuwalaumu, kila mtu na shida zake. Wawili wamesharudi. Ile nusu haikufunguliwa.

Leo tuko 41. Mashine ya mzee fundi bado inaunguruma. Nyundo tumebadilisha mara nyingi, vipande vya ndani mara tano, mwili ni ule ule. Makombe tunanunua yale yaliyokwisha kuokotwa yakiwa maganda matupu ufuoni, na tunachanganya na chokaa ya mawe ili tusiwe watu wa kuifuata bahari mpaka ganda la mwisho. Si jambo kubwa, lakini ndilo tunaloliweza.

Wanachama wapya, mkija Alhamisi mtaona juu ya sanduku pana nyundo moja kuukuu, imelika mpaka imekuwa duara. Ni ya ile mashine ya bluu. Tumeiweka pale makusudi. Kila anayetaka kuomba mkopo mkubwa tunamwomba kwanza aishike mkononi.

 

Mwenyekiti