Maendeleo House si ofisi tu

Wasee wengi wakipita Monrovia Street huona Maendeleo House kama jengo lingine tu la tao. Si hivyo. Hiyo ni nyumba ya Maendeleo ya Wanawake, na stori yake haiko tamu vile ungedhani.

Ilianza 1952. Angalia tarehe vizuri: huo ndio mwaka Hali ya Hatari ilitangazwa. Serikali ya mkoloni ndiyo iliyoanzisha hivi vilabu, wake wa Wazungu wakawa wanafunza kina shosho kufuma sweta, kupika na usafi wa boma. Poa, lakini wakati huo huo kuna wanawake walikuwa wanapeleka chakula msituni kwa Mau Mau. Mkoloni alitaka mwanamke akae klabuni. Huko Mkoa wa Kati, ukijiunga ungeweza kupunguziwa kazi ya lazima. Kuna watu huita hao mama wasaliti. Mimi siwezi. Una watoto watatu, unachimba mtaro tangu asubuhi, halafu mtu anakuambia njoo ufume. Wewe ungekataa?

Na hawakubaki wanafunzi milele. 1958 Phoebe Asiyo akawa rais wa kwanza Mwafrika wa hicho chama. Halafu Jane Kiano akaongoza kuanzia 1971, na chini yake ndipo Maendeleo House ikajengwa. Fikiria hiyo enzi: karibu kila hati ya shamba nchini iko kwa jina la mwanaume, na wanawake wana jengo lao katikati ya Nairobi!

Sasa hapa ndipo mimi hukasirika. 1987 KANU ikameza chama chote. Ikawa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Miaka miwili baadaye Wangari Maathai akasimama peupe kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na viongozi wa Maendeleo wakawa upande wa wale wanaomshutumu. Wanawake wenye jengo lao, jo, wanamkemea mwanamke anayelinda bustani ya kila mtu.

Vyama vingi viliporudi, wakaachana na KANU. Asiyo naye hakuwa amechoka. 1997, akiwa mbunge wa Karachuonyo, alipeleka hoja bungeni wanawake watengewe viti zaidi. Wabunge, karibu wote wanaume, wakaiangusha.