“Haiwezekani” haiko sawa na “haielekei”: maneno ya mashaka na ya kukataa kuamini

Katana, eneo la Kabare, Kivu ya Kusini

Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mlima wa Nyiragongo ulilipuka karibu na muji wa Goma. Siku tano nyuma yake, tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Constant Ndima, aliamuru wakaaji wa sehemu 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Wataalamu walikuwa wanaogopa moto utoke tena, juu ya inchi kavu ao chini ya maji ya ziwa. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda mashua wakakuja upande wetu, Minova na Bukavu.

Siku zile simu zilikuwa hazikatiki. Kila mtu alikuwa na swali moja tu: “Ni kweli ziwa litapasuka?” Kwenye meza yangu kulikuwa karatasi ya Kifaransa yenye kusema kwamba jambo hilo ni “peu probable”. Nilikuwa na haraka, nikasoma kwenye mikro: “Wataalamu wanasema haiwezekani.” Hata dakika kumi hazikupita, baba mmoja akapiga simu toka kandokando ya ziwa: “Asante sana. Basi watoto nimewarudisha kulala.”

Ziwa halikupasuka. Lakini mimi sikulala vizuri. Karatasi haikusema haiwezekani. Ilisema haielekei. Kati ya maneno hayo mawili kuna shimo, na mimi nilimpitisha baba yule juu yake bila kumwambia.

Ndiyo sababu tumeandika ukurasa huu. Hapa kwetu mtu anasema Mashi nyumbani, Kiswahili ku soko, Kifaransa ku masomo na ku biro, na sasa Kiingereza kinaingia na mashirika, biashara ya Uganda na Rwanda, pia intaneti. Mashaka yanasemwa kwa luga zote hizo, na njiani, toka luga moja hadi ingine, yanapotea.

Ngazi za mashaka

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Kuna watu wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kupima. Si kweli. Kinayo, ila hatuyatumie kwa mpango. Tuyapange kama ngazi, toka chini kwenda juu:

Haiwezekani: hakuna njia hata moja. Kwenye vitabu vya pwani utakuta pia “muhali”, neno la Kiarabu lenye maana ileile.

Haielekei, ao ni vigumu itokee: njia iko, lakini ni nyembamba. Kwa uangalifu zaidi tunasema “uwezekano ni mdogo sana”.

Pengine, labda, huenda, yamkini: inaweza kuwa, inaweza isiwe. Msemaji haegemei upande.

Inaelekea, ao yaelekea: msemaji ameegemea upande wa ndiyo.

Bila shaka: hapo mashaka yamekwisha.

Neno “labda” lina historia ya kushangaza. Limetoka kwa Kiarabu “la budda”, maana yake hakuna budi, ni lazima. Kwa kupita ndani ya Kiswahili likageuka, likawa pengine. Wazee wetu wengi bado wanasemaka “labuda”, karibu kabisa na Kiarabu. Ikiwa neno la lazima limeweza kugeuka neno la mashaka, basi tusishangae kuona maneno mengine yanateleza mdomoni mwa mtangazaji.

Maneno ya kukataa

Kupima ni jambo moja, kutoamini ni jambo lingine. Mwenye kupima anasema juu ya jambo lenyewe. Mwenye kukataa anasema juu ya yule aliyeleta habari.

Neno la kwanza ni “eti”, wengine wanasema “ati”. Ni fupi lakini lina nguvu. “Gavana anakuja kesho” ni habari. “Eti gavana anakuja kesho” ni habari yenye kucheka pembeni: wamesema wao, mimi simo. Mtangazaji mwenye kutia “eti” ndani ya habari amekwisha kutoa maoni yake, hata kama hakukusudia.

La pili ni “wapi!” Mtu haulizi mahali. Ukimwambia muuza samaki ku soko kwamba bei ya mafuta itashuka, atakujibu “Aa, wapi!” na mazungumzo yameisha. Kwenye pwani wana pia “thubutu!”, lenye kumaanisha hilo halitakuwa kamwe.

La tatu ni “bongo”. Hapa kwetu ni uongo: “Ule anasema bongo.” Lakini ukifika Tanzania, Bongo ni jina ambalo vijana wanaita inchi yao, kutoka neno la ubongo, akili. Mgeni toka Dar es Salaam akisikia tunapaza sauti “bongo! bongo!” anaweza kufikiri tunamsifu.

La ine ni “kumbe”. Hili ni mlango wa kutokea. Mtu alikuwa haamini, ameona, sasa anakubali: “Kumbe ni kweli!” Ndani ya neno moja mna mashaka ya jana na imani ya leo.

Waswahili wana pia mezali mbili zenye kupingana. Moja inasema “lisemwalo lipo, na kama halipo laja”. Ingine inasema “kusikia si kuona”. Ya kwanza inampa nguvu mwenye kupeleka uvumi. Ya pili inamwambia ngoja kwanza. Redio ya mtaani inaishi katikati ya hizo mbili.

Redio ya njiani, na “nge” yenye kudanganya

Wakati wa Zaire ya Mobutu, wakati sauti ya serikali ilikuwa karibu peke yake hewani, watu walijitengenezea redio yao: “radio trottoir”, redio ya kando ya barabara. Ilikuwa ya mdomo kwa mdomo. Wakati mwingine ilisema kweli mbele ya serikali, wakati mwingine ilisema bongo tupu. Leo inapita ndani ya simu, na mwendo wake umeongezeka.

Kifaransa kina njia ya kuonyesha kwamba habari haijahakikishwa. Mwandishi anaandika “le chef serait mort”, maana yake inasemekana chifu amekufa, hatujahakikisha. Tatizo linaanza tunapoileta kwa Kiswahili neno kwa neno. Tunasikiaka hata hewani: “Watu watano wangekufa ku shambulio.” Kwa sikio la Mswahili, “wangekufa” ni jambo ambalo halikufanyika: wangekufa kama wasingekimbia, yaani wako wazima. Kumbe mwandishi alitaka kusema kinyume, kwamba pengine watano wamekwisha kufa.

Mama mwenye mtoto upande ule anasikia sentensi hiyo na anashukuru Mungu. Kesho yake analetewa maiti. Njia iliyo salama ni rahisi: “inasemekana watu watano wamekufa, sisi bado hatujahakikisha.” Ni maneno mengi zaidi, lakini hakuna atakayekosea.

Kiingereza kinapoingia

Kiingereza kina rundo la maneno ya kazi hii. “Impossible” ni haiwezekani. “Unlikely” na “improbable” ni haielekei. “Doubtful” ni ya mashaka. Waingereza wakitaka kucheka jambo lisilowezekana wanasema litafanyika siku nguruwe wataruka. Wafaransa wanasema siku kuku wataota meno.

Kuna mitego miwili ya kuangalia. Wa kwanza ni “unbelievable”, kama vile “incroyable” ya Kifaransa. Kwa herufi ni jambo lisiloaminika, lakini mara nyingi ni sifa. Mchezaji amefunga bao toka mbali, watu wanapaza sauti “haiaminike!” wakati wote wameliona na wote wanaamini. Ukikuta neno hilo ndani ya ripoti, angalia kwanza kama mwandishi anakataa ao anashangilia.

Mtego wa pili ni mashaka yenyewe. Mwingereza akisema “I doubt he will come”, anataka kusema sidhani kama atakuja. Mfaransa akisema “je me doute qu'il viendra”, anataka kusema nahisi atakuja. Mzizi unafanana, maana imegeuka mgongo. Kiswahili kina “sidhani” kwa ya kwanza na “nahisi” kwa ya pili. Tuyatumie hayo, tusitie “nina mashaka” kila mahali.

Na tusifikiri kwamba wenye luga yao wanasikilizana kila wakati. Mwaka wa 1951 wataalamu wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia na upande wa Wasovieti ni jambo lenye “serious possibility”, uwezekano wa kweli. Mmoja wa wakubwa wao, Sherman Kent, yeye alikuwa na mawazo ya nafasi 65 juu ya 100. Akauliza wenzake waliokubali maneno hayo pamoja naye: kila mmoja alifikiri ngapi? Mmoja alikuwa na 20, mwingine 80. Wote walikuwa wametia mkono chini ya sentensi moja, kwa Kiingereza chao wenyewe.

Kwa kuogopa jambo kama hilo, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya hali ya hewa, IPCC, lilifunga maneno na hesabu. Ndani ya ripoti zao, “likely” ni zaidi ya nafasi 66 juu ya 100. “Unlikely” ni chini ya 33. “Very unlikely” ni chini ya 10. “Exceptionally unlikely” ni chini ya 1. Angalieni vizuri: hata hilo la mwisho bado si haiwezekani.

Turudi ku ziwa letu

Sasa baba yule wa kandokando ya ziwa angeambiwa nini? Angeambiwa tunayojua, kwa mpango.

Chini kabisa ya ziwa Kivu mna gesi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji: karibu kilometa mchemraba 300 za kaboni dioksidi na karibu 60 za metani. Uzito wa maji ya juu unaikandamiza ibaki chini. Tangu 2016 kituo cha KivuWatt, upande wa Rwanda, kinavuta sehemu ya metani hiyo na kutengeneza umeme.

Hatari si hadisi. Tarehe 21 mwezi wa nane 1986, ziwa Nyos kule Kameruni lilitapika kaboni dioksidi usiku, na watu karibu 1,700 walikufa. Na sisi wenyewe upande wa Goma tuna neno letu, “mazuku”, kwa ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua mbuzi, na wakati mwingine watu.

Upande mwingine, mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ulilipuka, moto wake ukapita katikati ya Goma mpaka ndani ya ziwa, na gesi ya chini haikutoka. Basi sentensi ya haki ingekuwa hivi: “Haielekei ziwa litapasuka siku hizi. Lakini si jambo lisilowezekana, ndiyo maana wataalamu wanaendelea kupima. Mukisikia amri ya kuondoka, muiheshimu.” Na sentensi hiyo ingemwachia baba nafasi ya kuamua mwenyewe watoto walale wapi.

Kutoamini kunaweza kuua

Wakati wa Ebola tuliona upande mwingine wa jambo. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ukafika hata Mwenga, jimboni mwetu, mwezi wa nane 2019. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Mwezi wa tisa 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja kwa wane alisema Ebola haiko.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha kwamba chini ya mmoja kwa watatu ndiye aliamini viongozi wa mahali pake. Mtu aliyedanganywa miaka mingi anasemaka “wapi!” hata siku anaambiwa kweli. Neno lile limetoka kwa kuchoka, si kwa ujinga. Dawa yake si kupaza sauti zaidi. Ni kusema kila siku kipimo kilekile: tunachojua, tunachofikiri, tulichosikia tu. Hivyo, siku utakaposema “bila shaka”, mtu atasimama asikilize.

Kwa msikilizaji wetu

Ukisikia habari, hata kwetu, uliza mambo matatu. Anayesema ameona ao ameambiwa? Amesema haiwezekani ao haielekei? Na kama ni tafsiri, “wangekufa” yake ni ya Kiswahili ao ya Kifaransa? Ukikosa jibu, piga simu. Hapa ku redio hatutakasirika. Tuko na deni la baba mmoja wa kandokando ya ziwa, na tunataka kulilipa kidogo kidogo.